Mkwe Wangu Nilimfanya Mwasi

Ndugu wasomaji, mwenye makosa ni mimi. Msimlaumu Bwana Kapteni wala mizinga yake.

Mwaka ule ilisemekana waasi wa ng'ambo ya mpaka wanavuka kuja kwetu Mawengi. Jeshi likaja na malori kutoka Makambako, nami, kwa kuwa nilisoma kidogo misheni, nikawa mkalimani wa Kipangwa. Nikapewa koti la kaki. Jamani, koti lile lilinipanda kichwani!

Wiki tatu waasi hawakuonekana. Aliyeonekana ni mwizi wa ulanzi wangu, pombe ya mianzi. Kila asubuhi nashuka bondeni nakuta mianzi imeshagemwa, mbeta zote za kukingia ulanzi tupu. Nikajiambia, jeshi si hili hapa? Nikamweleza Kapteni kwamba kuna watu huingia mianzini alfajiri na visu. Nilidhani atapeleka askari wawili wakamtishe mwizi tu.

Akapiga mizinga! Mianzi yangu yote ikalala chini, na akaletwa mwasi mmoja, mguu unavuja damu. Alikuwa baba wa mke wangu.

Kwetu mkwe hupelekewa ulanzi wa kwanza wa msimu. Mimi na koti langu tulisahau. Mzee hakuiba, alijichukulia chake.

Kapteni akaniamuru nimuulize katumwa na nani. Niliuliza nikitazama chini, maana mkwe hatazamwi usoni. Akajibu kwa Kipangwa, polepole, kwamba mianzi ile ni ya mkwewe, na mkwewe ndiye huyu anayetafsiri.

Kusema hivyo ni kuvuliwa koti na kufungwa mimi. Nikasema, "Anasema hana la kusema, Bwana."

Miaka miwili gereza la Njombe! Mimi nikapongezwa mbele ya gwaride, kwa kuwa na macho makali.

Alipotoka alikuja kwangu akichechemea. Nikaanza kuomba radhi kwa Kipangwa, akanikatiza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Kumbe alikipata zamani, akiuza mahindi Makambako.

"Siku ile nilikuelewa, mkwe," alisema. "Nilinyamaza ili binti yangu asibaki bila mume."

Binti yake alikuwa mlangoni, akasikia. Aliondoka na baba yake siku hiyohiyo.

Wenzangu, mpelekeeni mkwe ulanzi wake mapema. Na ukivishwa koti la watu, chunga mdomo wako! Mianzi yangu imechipua tena, inatoa ulanzi mwingi, na sasa hakuna anayeniibia.