Niangalizie Hapa Kidogo

Kwa miezi mingi nilikuwa mteja mwaminifu asiyenunua kitu. Nilizijua butiki za Kitengela pengine kuliko wenyewe. Ipo ile ya orofani, juu ya duka la dawa za mifugo, ambapo magauni ya harusi hufunikwa kwa nailoni kwa sababu ya vumbi la barabara ya Namanga. Ukipanda ngazi unanusa kwanza dawa ya kuogeshea ng'ombe, halafu marashi. Lipo kontena la buluu linalouza vifungo na zipu peke yake, kuta zote nne, na mwenyewe hukujibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Kipo kibanda cha sare za shule ambacho Januari huwezi kukikaribia, na miezi mingine mwenye kibanda hulala juu ya rundo la sweta. Yote haya niliyagundua kwa miguu, nikiwa na begi mgongoni, na ndani ya begi magauni sita ya watoto niliyoyashona mwenyewe.

Nilikuwa na swali moja tu la kuuliza: mnaweza kunitundikia haya? Sikuwahi kuliuliza.

Sikusomea ushonaji. Nilijifunza kwa video za simu na kwa kufumua. Nakiri kwamba nimefumua kuliko nilivyoshona. Kuna kitambaa kimoja nilichokifumua mpaka kikabaki na matundu kama chujio. Nikiingia dukani, kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuza nguo zilizotundikwa nione mishono ya ndani. Nikiikuta mizuri kuliko yangu, nilijiambia sistahili duka hili. Nikiikuta mibaya, nilijiambia duka hili halinifai. Kisha nikaulizia kitu nilichojua hawana, wakasema hawana, nikashukuru nikatoka. Huo ndio uliokuwa ujanja wangu.

Cherehani yangu ilikaa katika chumba kidogo nyumbani kwa dada yangu, na dada alikuwa anatarajia mtoto.

"Mimi sikufukuzi," aliniambia jioni moja, miguu yake iliyovimba ikiwa ndani ya beseni. "Lakini mtoto akikuja, hiyo cherehani italala wapi? Kwa kitanda yake?"

"Nitapata mahali."

"Ukipata duka moja tu inachukua nguo zako, tutabanana. Itakaa sebuleni, bwanangu avumilie kelele. Usipopata, tuiuze. Saa hii hiyo ni meza ya kufumulia tu."

Nilicheka naye. Halafu nikaenda kuoga, nikafungua maji kwa nguvu ili nilie bila kusikika.

Nilikwenda Kajiado kwa sababu huko hakuna aliyenijua. Ilikuwa Jumamosi, upepo ukisukuma karatasi kando ya barabara. Nilipita duka la mashuka ya Kimaasai, mekundu na ya buluu, yamekunjwa na kupangwa kama matofali. Nyuma yake, mahali ambapo usingetarajia duka, palikuwa na mlango wa njano na vinguo vidogo vikicheza kwenye kamba. Ndani alikuwa mwanamke mmoja, akisikiliza nyimbo za injili redioni na kumenya machungwa.

Nilikagua mishono. Mingine ilikuwa mizuri, mingine mibaya. Nikakosa sababu ya kuondoka, na hapo ndipo hofu ilipozidi.

"Uko na gauni ya zambarau," niliuliza, "ya mtoto wa miaka kumi, ya mikono mirefu?"

"Zambarau? Hapa sina." Nilianza kushukuru. "Lakini najua penye iko. Ngoja, mrembo. Niangalizie hapa kidogo."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine?"

Akavaa ndara zake akaenda.

Nilikuwa nimeliona jambo hili likifanyika kwa wengine. Mfanyabiashara wa kwetu hakubali mteja aende mikono mitupu. Akikosa kitu atakifuata kwa mwenzake, na duka atakuachia wewe ambaye hajui hata unatoka wapi. Kitengela wengi hupiga simu, kitu kikaletwa. Huyu alienda mwenyewe. Nilibaki nimesimama katikati ya mali ya mtu, na kwa kuwa sijui kusimama tu, nikaanza kupanga nguo kwenye hanga kuanzia ndogo hadi kubwa.

Ndivyo alivyonikuta bibi mmoja aliyeingia akiwa amemshika mkono mjukuu wake, msichana wa miaka minne hivi.

"Takwenya," alinisalimu.

"Iko," nilijibu, na Kimaasai changu kikaishia hapo.

"Huyu anabatizwa kesho. Nataka nguo nyeupe."

Nilitafuta. Moja nyeupe ilikuwa ya mtoto mchanga, nyingine ingemfika mtoto huyu kwenye vidole vya miguu.

"Shosho, mwenye duka anakuja sasa hivi."

"Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni mteja."

"Mteja anapanga nguo?" Alitazama nje. "Gari ya Bisil inajaa. Ikienda, huyu ataenda kwa pastor na hii yake ya kuchezea."

Begi langu lilikuwa bado mgongoni. Ndani yake lilikuwamo gauni jeupe, na macho yangu yalikuwa yameshampima yule mtoto tangu alipoingia. Nilitamani sana mwenye duka arudi. Hakurudi. Nikafungua begi.

"Iko na shida," nilisema kabla bibi hajaligusa. "Hapa kwa kiuno mshono umepinda. Nimefumua nikarudia, bado unaenda kando."

Alilipeleka mlangoni kwenye jua. "Wapi?"

"Hapa."

"Wapi?"

Nilikishika kidole chake nikakiweka juu ya mshono.

"Huyu atavaa hii mpaka wakati wa chai," alisema. "Nani ataangalia kiuno?"

"Mimi."

"Kwani utakuja? Ni hapo Bisil, ile kanisa ya mabati karibu na soko ya ng'ombe."

"Hapana, shosho."

"Basi."

Alilipa bei niliyoisoma kwenye gauni lililotundikwa jirani, akaenda akimvuta mtoto mbio.

Mwenye duka alirudi akihema, ameinua gauni la zambarau, mikono mirefu, kama bendera. "Si nilikuambia iko!" Kisha akaona pesa mkononi mwangu, akahesabu hanga kwa macho. "Umeuza?"

"Nimeuza yangu."

"Yako? Ndani ya duka yangu?"

"Ndiyo."

"Yaani ningechelewa kidogo, ungeuza hata mlango." Akakaa, akachukua chungwa lake. "Toa zingine nione."

"Hii iko na—"

"Nimekuuliza iko na nini? Nimesema nione."

Alitundika matatu. Mawili aliyakataa, rangi yake isingestahimili vumbi la pale. Hakugeuza hata moja kuangalia ndani. "Na hii ya zambarau utarudisha wewe," alisema. "Mimi nimetembea ya kutosha." Nikalirudisha, na hivyo nikagundua duka linaloshona majoho ya kwaya, ambalo nisingelijua kamwe.

Jumapili nilikwenda Bisil. Nilijiambia nimekwenda kutembea. Nilisimama nje ya kanisa la mabati, baridi ya asubuhi ikinipenya, mpaka watu wakatoka. Mtoto alikuwa amevaa sweta nene jekundu, limefungwa vifungo vyote hadi kidevuni, limemfika mapajani. Chini yake kulionekana pindo jeupe kidogo, na juu ya pindo doa la chai.

Bibi aliniona. "Umekuja kuangalia kiuno."

"Ndiyo, shosho."

"Haya, angalia."

Nilichuchumaa. Mtoto alishika vifungo vya sweta kwa mikono yote miwili, akatikisa kichwa. Nikasimama.

Dada alikuwa mlangoni niliporudi Kitengela. Habari ya duka nilikuwa nimeshampa, lakini Bisil nilikwenda bila kumwambia, na ilibidi nieleze.

"Na mshono ulionekana aje?" aliuliza.

"Sijui. Alikuwa amevaa sweta."

Alicheka mpaka akashika tumbo, halafu akamwita mumewe aje ashike upande wa pili wa cherehani, tuipeleke sebuleni.