Mtoto wa Kuazima

Juzi Kariakoo nilimwona mwanamke amemshika mtoto mkono kwenye msongamano, nikakumbuka harufu ya magunia ya unga.

Enzi za uhaba, asiye na watoto hakupewa unga. Mchana mmoja nyumba yetu nzima, wapangaji wote, tulitoka pamoja kwenda kupanga foleni. Mama akabaki na wadogo zangu, mimi akanikabidhi kwa Da Ndeshi, jirani yetu wa chumba cha uani, ambaye hakuwa na mtoto.

“Leo mama yako ni huyu. Ukiulizwa, sema hivyo hivyo.”

Nilidhani njaa imemfanya anigawe moja kwa moja. Nililia foleni nzima.

“Nyamaza, mwanangu,” Da Ndeshi alininong’oneza. “Jioni utarudi kwa mama yako.”

Unga uliisha kabla hatujafika dirishani. Tukarudi mikono mitupu. Hapakuwa tena na mtu wa kumdanganya, lakini Da Ndeshi hakuniachia mkono mpaka uani.