Nane, Baki Watatu

Ile siku ya msiba wa binti wa Athumani, jirani yetu, haijanitoka mpaka leo, mwanangu. Cheka ukitaka kwamba nilisoma darasa la jioni, nikafaulu mpaka mbu wa Handeni nzima wakanipongeza, lakini maana ya kugawanya sikuijulia darasani. Niliijulia jikoni, tena msibani, na sikuombei uijulie huko.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Mtoto mdogo, homa ikamchukua. Tukachanga, mchele ukatoka Mombo, wa kubahatisha. Wanaume, pamoja na wachimba kaburi, walikuwa arobaini na watatu, na kwetu sinia moja hula watu watano. Mwanaidi, mwenzangu wa darasani, mwepesi wa hesabu kuliko radi, akasema bila hata kukuna kichwa, "Nane, baki tatu." Tukapakua sinia nane za kushiba, sufuria tukaikwangua mpaka ikalia.

Waliotoka makaburini wakakaa watano watano, wakala. Ndipo wakaingia watatu wa mwisho: wachimbaji wawili na Athumani mwenyewe, aliyebaki nyuma kulimwagia maji kaburi la mwanawe. Udongo ulikuwa bado vidoleni. Sinia zote tupu.

"Msihangaike, jamani," akasema Athumani. "Sina njaa."

Tangu jana yake hakuwa ametia kitu mdomoni.

Bibi Mwanahamisi, mkubwa wa wapishi, akamgeukia Mwanaidi. "Hawa watatu uliwaweka wapi?"

"Bibi, hesabu iko sawa. Baki huandikwa pembeni."

"Haya, mwite Athumani umwonyeshe hapo pembeni, akae."

Ningekwambia Mwanaidi alilia mpaka mto Pangani ukafurika, lakini kwa siku ile hata mimi sina chumvi ya kutia. Alisimama tu na upawa mkononi. Athumani akanawa udongo, akaenda zake.

Basi, mwanangu, ukigawanya ukapata jibu na baki, usiweke kalamu chini. Uliza kilichobaki ni nini. Yakiwa maharage, yaache pembeni yalale. Wakiwa watu, sinia si nane tena, ni tisa, na kila moja ipunguzwe kidogo. Na kabla hujapakua, tazama nani bado hajarudi.

Mungu akupe wepesi wa hesabu, na siku utakayokuwa wa mwisho kutoka makaburini, ukute nyumbani kuna aliyekuhesabu.