Taya Jeusi la Giheke

Sogeeni niwaambie aibu yangu, maana nikiificha mimi, mji mzima wa Kamembe utawasimulia kwa kuongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na nilikuwa nawaomba wazazi stoo ya shule iwe chumba cha klabu yetu ya sayansi. Siku tatu kabla ya mkutano, mkulima mmoja wa Giheke akaniletea taya jeusi alilolifukua akichimba shimo la mbolea, lina chonge ndefu zilizopinda kama ndoano, nami (niliyekulia katika nyumba ya Kiislamu, chonge nikizijua kwa picha za simba tu) nikaamua palepale: huyu ni mla nyama wa kale.

Ningeweza kuuliza mtu. Sikuuliza. Nikalilaza kwenye kasha lililojaa udongo, nikalipeleka mkutanoni, nikaeleza taratibu kwamba mnyama akishakufa meno yake huendelea kusema alikula nini, na kwamba huyu alikula nyama kama simba, kisha nikasema, "Shikeni, pitisheni, msiogope!" Likaenda mkono kwa mkono, wazazi, wengi wao wazee wetu wa msikitini, wakilipapasa kwa heshima, mpaka likamfikia Maman Furaha, mfanyabiashara wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ambaye namfundishia mwanawe. Akaligeuza mara moja tu.

"Mwalimu, simba gani? Hii ni ngurube! Mi nauzishaka vichwa vyake kila juma!"

Nguruwe! Mzee Saidi, fundi cherehani, akaitazama mikono yake. "Na adhuhuri iko karibu."

"Tutaosha mara saba kama sheria inavyotaka, Mzee, moja kwa udongo," nikasema kwa sauti ndogo, nikamsogezea kasha.

"Huu uliolaliwa na ngurube?" Mzee akauliza.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Maman Furaha akanionyesha nyuma ya taya. "Angalia magego, Mwalimu. Haya ni ya kusaga viazi." Na mimi somo hilo nalifundisha kila mwaka! Chonge tu zilinipumbaza.

Nikajua stoo imekwenda. Lakini Mzee Saidi, akirudi kutoka bombani na mikono inachuruzika maji, akasema, "Stoo tutakupatia. Ila kila mufupa ipite kwanza kwa Maman Furaha."

Kwa hiyo nawe ukiokota taya, achana na chonge, tazama magego: yakiwa na makali yanayopishana kama mkasi, huyo aliishi kwa nyama, yakiwa na vinundu vya kusagia, muulize jirani kabla hujaenda nalo mkutanoni.