Nguzo Iliyo Chini ya Njia ya Shule

Sijawahi kuiona nguzo ile. Huku Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, mwanamke haingii shimoni. Wachimbaji wanasema akiingia dhahabu inakimbia. Sijui kama ni kweli, lakini nimeheshimu. Kwa hivyo jambo zito kuliko yote niliyowahi kuamua lilihusu kitu nilichoelezwa kwa mdomo tu, na bado najiuliza kama nilikuwa na haki ya kusema lolote.

Shimo liko katika shamba aliloniachia marehemu mume wangu. Tulikubaliana na wachimbaji tangu mwanzo: wao wanachimba, mimi napata fungu la mwenye shamba kila wakipandisha magunia ya mawe. Lakini huko chini hawachimbi kila kitu. Wanaacha sehemu ya mwamba ikiwa imesimama, nene kama kibanda cha jiko la nje, ibebe ardhi ya juu. Hiyo ndiyo nguzo. Dhahabu iliyo kwenye mawe mengine, nguzo nayo inayo, na kila anayeipita na tochi kichwani anajua.

Mawe mengine yalipoisha, kiongozi wa wachimbaji alikuja nyumbani pamoja na mwanangu wa kwanza, aliyekuwa akimfanyia kazi. Kiongozi huyu si mtu mbaya, na nitakosea nikimwandika hivyo. Kijana akiumia kwake, yeye mwenyewe ndiye humpeleka hospitali Migori. Alivua kofia, akasema wanataka kuitoa nguzo, ila hawawezi bila neno langu.

"Na huko juu kutabebwa na nini?" nikauliza.

"Mbao, mama. Miti mizito, tunaifunga vizuri. Si mimi mwenyewe nitakuwa chini? Siwezi kujizika."

"Hiyo mbao itashika mpaka lini?"

Akacheka. "Mama, hiyo swali ni ya mwalimu." Halafu akaacha kucheka. "Itashika mpaka tumalize. Chini kuna maji, mbao inaoza. Sitakudanganya."

Namshukuru kwa hilo. Angesema itashika daima, mimi niliyeachia shule darasa la saba ningejuaje?

Nikaomba nionyeshwe nguzo iko chini ya nini. Mwanangu akatembea shambani akikadiria, akasimama kwenye kinjia kinachokata mahindi yangu kwenda shule ya msingi. Watoto wa kijiji kizima hupita hapo asubuhi wakisukumana.

"Hapa," akasema, akaigonga ardhi kwa kisigino. "Ikishuka, itashukia hapa."

"Njia inahamishwa tu," kiongozi akasema.

"Na atakayelima hapa mimi nikishakufa, nani atamwambia?"

Akavaa kofia yake. Wakaniachia nifikirie.

Mwanangu alinijibu jioni, mkewe alipotoka kuteka maji. "Mama, wewe unafikiria watoto wa watu. Na wangu? Fungu langu la nguzo ile ndilo lingenitoa shimoni. Ningenunua pikipiki, nibebe abiria Rongo, nipumue hewa kama wewe."

"Tuuze ng'ombe."

"Ng'ombe yule? Huyo hanunui hata magurudumu."

Tulicheka wote wawili, lakini kicheko kiliisha haraka. Alikuwa amesema kweli. Nikisema hapana, nitakuwa namrudisha chini ya ardhi.

Nilisafiri hadi Homa Bay kwa dada yangu, ambaye hukausha visamaki vya omena ufuoni mwa ziwa. Nilitaka aniambie la kufanya.

"Nyamera, dada yangu, mimi si pasta," akasema. "Hapa kwetu kuna sehemu ya ghuba samaki wanapozalia. Tulikubaliana nyavu zisifike. Kila mara tunagombana, na mwenye njaa ndiye anapiga kelele zaidi, na ana haki."

"Sasa mnafanyaje?"

"Tunagombana, na nyavu hazifiki."

"Na yule mwenye njaa?"

Aligeuza omena. "Siku nyingine tunamkumbuka. Siku nyingine tunasahau."

Niliporudi nilisema nguzo ibaki. Niliwaambia kwamba watakaopita juu yake hawajaulizwa, na wengine hata hawajazaliwa, kwa hivyo siwezi kukubali kwa niaba yao. Maneno yalitoka vizuri. Lakini nilimkatalia pia mwanangu, na yeye alikuwa ameulizwa, akasema anataka. Hilo sijaweza kulinyoosha kichwani mwangu.

Kiongozi hakunitukana. "Umetufunga, mama," akasema, wakakunja kamba zao. Mwanangu akaenda nao kwenye shimo lingine, ng'ambo ya kilima.

Sabato moja alikuja kula baada ya kanisa. Nilikaa nikiangalia kikohozi kikimtikisa mabega, nikamuuliza kama kule wameacha nguzo.

Alinawa mikono polepole kuliko ilivyohitajika. "Mwenye shamba wa kule hakuuliza, mama. Ni mbao tu."

Nilijiona nimeokoa watoto wa wengine kwa kumweka wangu chini ya mbao. Labda si hivyo. Labda angeenda kule hata kama nguzo yetu ingetolewa, maana pesa ya dhahabu naijua inavyoyeyuka. Lakini neno hilo, labda, linanisaidia mno, kwa hivyo siliamini.

Siku iliyofuata nilivuka kilima kwenda kwa mwenye shamba yule, mzee aliyenipita umri. Alinisikiliza akiwa amesimama langoni.

"Shamba ni langu," akasema. "Na huyo mwanao, nani alimleta? Si alikuja kwa miguu yake?"

"Ni kweli, baba," nikamwambia.

"Basi?"

"Basi nimekuja tuwaulize wachimbaji pamoja watapaachaje hapa wakimaliza. Mimi peke yangu hawatanijibu, shamba si langu."

Alinitazama, akatazama upande wa shimo, akasema ana kazi. Akaingia ndani. Hakufunga lango, na mimi sikuondoka.