Sauti ya Mpima Masikio

Mpima masikio hana papara. Ukisikia mlio, unaofuata anaupunguza; usiposikia, anaupandisha kidogo. Kila jibu lako humwonyesha mlio upi aujaribu baadaye, na kwa milio michache tu ameshafika mwisho wa usikivu wako. Tabia hiyo huja nayo mpaka nyumbani. Mkewe akiitika, neno la mume linalofuata hushuka; mke akisema, "Eti?", hupanda kidogo, huku kidole cha mume kikigonga meza taratibu. Leo alimwomba chumvi, naye mkewe akaichukua kabatini akiwa amempa mgongo.

"Baba watoto, siku hizi nakusikia vizuri."

"Basi tushuke tena kidogo."

Mkewe akageuka na chumvi mkononi. Kidole kilikuwa bado kinagonga meza. "Kidogo tu, mama watoto," akamsikia tena, na midomo ya mumewe ilikuwa imefungwa.