Bastola ya Mzee Walter na Fundi wa Buffalo

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, na nilikuwa na akili zangu zote.

Nilikuwa namtunza Mzee Walter, Mmarekani wa miaka tisini, hapa Louisville. Alikuwa hawezi kuinuka kitandani na daktari alishasema zimebaki siku chache. Akanipa bastola kuukuu ya baba yake, iliyoharibika zamani, akaniomba niitafutie fundi kabla hajafa. Nikakubali. Kwa nini nilikubali? Mke wangu ananiuliza mpaka leo.

"Tulikimbia bunduki Burundi," alisema, "wewe unaipakia kwenye gari tunalobebea watoto."

Mafundi wa Louisville wakasema springi yake haitengenezwi tena. Mmoja akanituma Columbus. Wa Columbus akaigeuzageuza, akakuna kichwa, akaniandikia anwani ya Buffalo. Yaani mimi, nisiyewahi kushika hata manati, nazunguka Marekani na bastola kwenye buti, namwomba Mungu polisi wasinisimamishe!

Buffalo nilifika kwenye kijumba cha mtaa wa Riverside, karibu na mto. Akatoka mzungu mmoja, mikono imejaa oili. Nilipompa mkono, akaninyooshea kifundo cha mkono, vilevile tunavyofanya kwetu mikono ikiwa michafu. Amini usiamini, nilifurahi. Lakini kifundo chenyewe kilikuwa cha baridi kama bomba la maji. Aliichukua bastola bila kuuliza kitu, akaniambia nirudi baada ya saa moja.

Nikarudi. Mlango umepigiliwa mbao, nyasi zimefika magotini. Nilibisha mpaka vidole vikauma. Jirani, mama wa Kikongo, akanihurumia.

"Bon, papa, hii nyumba haina mutu. Tuko hapa miaka munane, hatuyaona mutu akiingia."

Nilirudi Louisville mikono mitupu, hasira na woga vimenijaa. Nikamweleza mzee yote. Akauliza kitu kimoja tu: fundi alinipa kiganja au kifundo? Nikamwambia kifundo. Akafumba macho.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Alikuwa fundi, mikono oili tupu, kila mtu alimpa kifundo. Bastola ilikuwa haki yake, baba akanipa mimi. Alikufa hatusemeshani."

Usiku ule alilala vizuri kuliko siku zote. Ijumaa akafariki.

Baada ya mazishi binti yake akataka bastola. Sasa wewe ungemjibu nini? Kwamba iko Buffalo, kwa marehemu baba yake mdogo? Nimeitwa mwizi, nimefukuzwa kazi, sasa napanga maboksi ghalani, na huu mkono wa kulia haupati joto hata Julai. Inaniuma, maana sijaiba kitu cha mtu maishani mwangu.

Kwa hiyo mtu anayekaribia kufa akikutuma, usiulize njia tu. Muulize kwanza ni nani anayengoja huko.